MREJESHO: Prado ya petroli, dizeli au gesi? Nimechukua dizeli

Wakuu, niliwauliza nichukue Prado ya injini gani, maana naishi Dar na shamba liko Ludewa, Njombe. Asanteni sana kwa michango.

Gesi niliitaka kwa moyo wote. Ni ya kwetu, kutoka Songo Songo na Mnazi Bay, na kwa mizunguko ya mjini hakuna kinachoishinda kwa unafuu. Lakini vituo vingi viko Dar. Ukishaipita Chalinze unarudi kwenye petroli (gari la gesi hubaki na tangi la petroli pia), huku mtungi wa gesi umekula nafasi ya mizigo nyuma. Kwa safari zangu haikai.

Petroli ni tulivu na matengenezo yake si magumu, ila injini yake ya V6 ya lita 3.4 ikipanda mlima Kitonga na mzigo inakunywa kwelikweli.

Nimechukua dizeli, injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0. Wengi mlinisukuma kwenye 1KD, dizeli iliyokuja baada yake, na ni kweli ina nguvu zaidi na inakula kidogo. Shida ni nozeli zake: mfumo wake wa common rail, unaopuliza dizeli kwa presha kubwa sana, hauvumilii mafuta machafu, na huko vijijini wakati mwingine unajaza ya kwenye madumu. 1KZ ina pampu ya kizamani ambayo mafundi wengi wanaijua. Adui yake ni joto, silinda hedi hupasuka, kwa hiyo nimeanza na rejeta, feni na kulant kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye tope la Ludewa naweka 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), inavuta taratibu bila kulazimishwa.

Mwenye 1KZ aniambie: mnabadilisha mkanda wa taimingi kila kilomita ngapi?