Dada yangu anachanganya tarehe, kesi yake itasimama?

Nyakio_Naivasha: Dada hupakia maua kwenye shamba moja huku. Msimamizi wake alikuwa akimshikashika kwenye chumba cha baridi. Kwa meneja alisema ilikuwa Jumanne, baadaye akasema Alhamisi. Lakini harufu ya marashi ya yule mtu, na mlango uliogoma kufunguka, anavisimulia vilevile kila mara. Sasa wanamwita mwongo. Kweli siku tu ndiyo imkoseshe haki?

Wakili Mzee: Poleni sana. Hofu kali huweza kuacha akilini vipande vilivyo wazi kabisa na kuvuruga mpangilio wavyo. Ripoti ya mwanasaikolojia iingie kwenye faili mapema, kabla wakili wa upande wa pili hajaanza kumkamia. Na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu hatia kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake katika makosa ya kingono, mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli na kuandika sababu.

Mama Shiru: Mwajiri naye asiachwe! Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Dada aombe nakala.

Nyakio_Naivasha: Asanteni. Anachoogopa zaidi ni kuonana na huyo msimamizi kortini.

Wakili Mzee: Kifungu cha 31, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mwendesha mashtaka aombe dada atambuliwe kuwa shahidi anayehitaji ulinzi. Anaweza kutoa ushahidi akiwa amekingwa. Aombe kabla ya siku ya kusikizwa.