Mchoro wa mgahawa wa hadhi umependeza, ila roho inasita. Naombeni ushauri kabla sijalipa

Mtoa mada: Habari wadau. Nafungua mgahawa wa hadhi. Ukumbi wa kulia ni mita za mraba 120, jiko liko nyuma ya ukuta. Mbunifu kaniletea mchoro: vigae vyeusi vya kung'aa, ukuta mmoja kioo kitupu, kaunta ya marumaru nyeupe ya asili, dari juu kabisa, viti 80. Kwenye picha unameremeta. Nikijifanya mteja nasita, na sijui hasa kinachonisumbua. Malipo ya awali ni wiki ijayo. Nibadilishe nini?

Msumari Butu: Kelele, mkuu. Picha haina sauti ndiyo maana huioni. Kigae, kioo, dari tupu, hakuna kinachomeza sauti hapo. Meza moja ikicheka, ya pili inapaza sauti isikike, ya tatu inafokeana. Ning'iniza paneli za kufyonza sauti darini, mapazia mazito kwenye kioo, benchi za ukutani zilizovishwa kitambaa. Hata chini ya meza unaweza kubandika paneli nyembamba, nani atainama kuangalia? Hakikisha tu ni za kutoshika moto.

Trei Mkononi: Nimehudumu mezani miaka sita. Viti 80 kwenye mita 120 ni mita moja na nusu kwa mteja, njia zikiwemo. Hiyo ni kantini. Shuka hadi 60. Kabla hujalipa, nunua utepe wa gundi, chora meza zote sakafuni, kalisha watu, kisha beba trei ya glasi zilizojaa maji upite kati yao. Pakiwa chini ya sentimita 90 kati ya mgongo na mgongo utamwagia mtu. Na milango ya jikoni iwe miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Sisi tulikuwa na mmoja; vyombo vya mwezi wa kwanza sitaki kuvikumbuka.

Mtoa mada: Kantini! Nimecheka lakini imeniingia. Kaunta je?

Msumari Butu: Achana nayo. Marumaru ni jamii ya chokaa, tone la limau likikaa kidogo linakula mng'aro, na doa hilo halitoki kwa kitambaa mpaka jiwe ling'arishwe upya. Chukua granaiti. Vigae vyeusi navyo kila unyayo utauona.

Kivuli Kirefu: Mbona hamjagusa taa? Tafuta za kelvini 2700, yaani mwanga wa manjano wenye joto, na Ra (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi) 90 kwenda juu, zenye swichi ya kupunguza mwanga, kila eneo na yake. Mwanga wa kibuluu unafanya nyama ionekane ya jana. Taa ielekee sahani. Ikimshukia mteja utosini, macho yanakuwa mashimo.

Trei Mkononi: Viti pia. Kimo cha meza sentimita 75, cha kiti 45, sawa, ila godoro laini likizama mteja anabaki kidevu mezani. Omba sampuli moja, ikalie saa mbili huku unakula.

Mtoa mada: Jana nimepiga utepe, nikaita ndugu wa mke wangu wakae. Trei imefika meza ya nne, shemeji kalowa mpaka kifuani. Mbunifu nimemwita kesho asubuhi, na utepe sijaubandua.