Kutembea milima ya Uluguru kwa ramani ya simu: kiongozi wa njia awe lazima?

Mkulima wa Choma
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Siku hizi watu wanapanda kutoka Morogoro mjini kwenda Morningside na huku Choma wakifuata mstari kwenye simu. Aliyeuweka alipita kiangazi, akakatiza katikati ya karoti zangu, na sasa kila wikiendi wengine wanapita hapohapo. Wakikanyaga ukingo wa tuta, mvua ya kwanza inaubomoa, udongo unamshukia jirani wa chini. Nashauri anayepita mashambani awe na kiongozi wa njia kutoka kijijini.

Mguu Mzima
Hapo kwenye kiongozi ndipo mnapoharibu. Mtanzania alipie kupanda mlima wa nchi yake? Ramani nikishaipakua nyumbani, GPS inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Semeni ukweli, hiyo ni njaa ya vijana wenu.

Binti wa Matombo
Njaa? Kaka, chunga mdomo. Mdogo wangu ni kiongozi. Masika iliyopita alitolewa kitandani usiku akamtafute mtembezi juu ya Morningside. Ukungu umeshuka, simu imezima chaji, mtu amekaa kwenye jiwe anatetemeka. GPS bila chaji ni nini? Alimshusha hadi mjini amembebea begi, na hakupewa hata nauli ya bodaboda.

Mguu Mzima
Sijamsema mdogo wako, dada. Nasema mtu asilazimishwe.

Mzee wa Posta
Ila Waluguru nanyi na ardhi hamjaanza leo. Mkoloni alipowaambia mchimbe matuta mlimtimua, leo mnalia matuta yamekanyagwa.

Binti wa Matombo
Mzee, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Polisi wa mkoloni walifyatua risasi kwetu Matombo. Watu walikataa kushurutishwa kwenye mashamba yao wenyewe. Usilete jambo hilo kwa kejeli.

Mzee wa Posta
Marahaba mwanangu. Si kejeli. Ilikuwa 1957 ile, nakumbuka tulisimuliwa.

Mwalimu Mstaafu
Ni 1955, mzee mwenzangu. Na wazee walikuwa na hoja ya kilimo pia. Udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni mwembamba. Ukichimba matuta ya ngazi, unafukua udongo mbovu wa chini na kuuweka juu, halafu mazao yanakonda. Mpango wenyewe uliachwa baada ya vurugu zile.

Mzee wa Posta
Lakini mmomonyoko ulikuwepo au haukuwepo?

Mwalimu Mstaafu
Ulikuwepo. Dawa ndiyo haikuwa ile.

Mguu Mzima
Jamani, tumehamia kwa Mwingereza! Nijibuni: njia ya miguu ni ya nani?

Mwalimu Mstaafu
Njia ya kijiji tunapita wote, hakuna anayekufungia. Ila mstari wa simu si njia. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Ukipanda zaidi ukaingia msituni, hapo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na inataka kibali. Simu inaweza kukuvusha mpaka huo bila kukwambia neno.

Mtembezi wa Dar
Naunga mkono kiongozi, tena nalipa kwa moyo. Mito ya Uluguru ndiyo inayoulisha Ruvu, na sisi Dar maji tunayokunywa ni ya Ruvu. Udongo wa mkulima ukishuka mtoni unatufikia. Ila nauliza, huo mstari hauwezi kufutwa?

Mchora Ramani
Inawezekana. Programu nyingi zinachukua njia kutoka ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kusahihisha. Ila ukifuta tu, mtu mwingine ataurudisha. Onyesha kwamba pale ni shamba, halafu chora njia inayozunguka. Mkulima, kuna njia ya kuzunguka?

Mkulima wa Choma
Ipo. Inapita nyuma ya nyumba, inashuka kijitoni, inatokea juu ya njegere za shangazi. Ni ndefu kidogo. Watoto wanaitumia kwenda shule.

Mchora Ramani
Itembee simu ikiwa inarekodi, unitumie. Nitaichora.

Binti wa Matombo
Vizuri. Na aliyesema njaa bado hajaomba radhi.

Mguu Mzima
Radhi ya nini? Nauliza tena, bei ya kiongozi anaipanga nani?