Naomba ushauri: bustani ya nyumbani Dodoma inatumia maji mengi mno, nianzie wapi kupunguza?

MamaBustani
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaishi Dodoma, katika nyumba yenye nyasi za ukoka mbele ya baraza, eneo la mita za mraba 60 hivi, matuta mawili ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya jiko, mipapai kadhaa na mwembe ambao bado ni mchanga. Tangu mvua zilipokatika mwezi wa Aprili, sehemu kubwa ya maji tunayolipia inaishia bustanini, na siku za mgao inabidi nichague kati ya kumwagilia na kufua. Fundi mmoja amenishauri niweke kila mahali mabomba ya matone, yaani yale yanayodondosha maji taratibu kwenye mizizi. Kabla sijatoa fedha, ningependa kuwasikia waliozoea kiangazi cha huku.

ZabibuTamu
Pole sana, dada. Kabla ya mabomba, fanya hesabu ya nyasi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na nyasi zinazotakiwa kubaki kijani kwenye jua na upepo wa Dodoma hupoteza takriban lita 4 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Zidisha kwa 60, utapata lita 240, maana yake uniti moja ya maji, ambayo ni lita 1,000, haimalizi siku ya tano. Matuta mawili ya mboga hayawezi kushindana na hilo. Bahati nzuri ni kwamba ukoka hauhitaji kubembelezwa: majani yakikauka, vikonyo vya chini hubaki hai na huchipua mvua za Desemba zinaponyesha. Mwagilia kipande wanachochezea watoto tu, kwingine acha pakauke.

FundiMatone
Kazi yangu ni kufunga mifumo ya matone, na hata hivyo ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu nyasi. Matone yanafaa matuta ya mboga, mradi tangi liwe juu walau mita moja kutoka ardhini na kuwe na chujio. Ikiwa maji yako ni ya kisima chenye chumvi, vitundu huziba polepole, kwa hiyo fungua ncha za mipira mara kwa mara ili uchafu utoke.

BibiMchicha
Mwanangu, mimi ningeanza na udongo. Tuta la huku halifai kuinuliwa. Lichimbe liwe chini ya usawa wa ardhi kwa shubiri moja, ili kila tone linaloanguka libaki humo, kisha changanya samadi iliyooza vizuri, kwa sababu udongo wa kichanga usio na samadi hupitisha maji kabla mizizi haijayanywa. Juu yake tandaza maganda ya karanga au majani makavu, unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina la mpapai wala la mwembe, kwani mchwa wa kwetu hawachelewi. Usimwagilie kwa mazoea: chomeka kidole ardhini, na ukikuta unyevu subiri hadi kesho. Ukimwagilia, iwe asubuhi mapema au jua likizama, na maji yashuke chini kabisa; kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, mahali panapokauka kwanza. Kwa mwembe, zika chungu cha udongo kisichopakwa rangi chini ya ncha za matawi, mdomo ubaki juu, ukijaze maji na kukifunika. Maji hupenya taratibu kadiri udongo unavyokauka.

MamaBustani
Ahsanteni sana, nimeelewa kwamba nyasi ndizo zinazonimaliza. Je, maji ya kufulia yanafaa? Na paa langu la mita za mraba 100 lingenisaidia kiasi gani?

ZabibuTamu
Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hata ukitoa yanayopotea, paa hilo hukusanya zaidi ya lita 40,000. Tangi la lita 5,000 litajaa mara kadhaa katika msimu mmoja. Yanayofurika yaelekeze kwenye visahani vya miti, yaani vibonde vifupi vinavyochimbwa kuzunguka shina, ambako ardhi itayahifadhi bure. Mvua ya kwanza iache isafishe vumbi la paa, na mdomo wa tangi ufunike kwa wavu wa mbu.

BibiMchicha
Maji ya kusuuzia yape mipapai, ukibadilisha mahali kila mara kwa sababu sabuni huacha chumvi ardhini. Yale ya povu zito yaache, na yote yatumike siku hiyohiyo kabla hayajaanza kunuka. Mchicha usiuguse na maji hayo hata kidogo.