Sadaka gani hii ya kumwambia mama ainue mfuko wa unga apigwe video?

Jambo kwenu wa Goma, na ninyi wa Bukavu na Lubumbashi mnaopita hapa. Nina hasira na sitaificha.

Kikundi kimoja kimeleta unga na maharage kwa familia zilizokimbia vita Sake, mji mdogo jirani na Goma yetu, zile zinazobanana kwa ndugu zao mtaani kwetu. Kuleta chakula ni jambo jema. Lakini hakuna aliyegawiwa kabla simu za kupiga video hazijawa tayari. Mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliambiwa ainue mfuko hadi kifuani ili maandishi yaonekane, acheke, na ataje jina la aliyemsaidia. Akalitaja kwa sauti ndogo. Wakamrudisha aanze upya! Jioni ile video ikawa kwenye simu ya kila mtu, na juu yake wameandika SADAKA YETU. Mjukuu wake shuleni sasa anaitwa "mtoto wa unga".

Nilipolalamika nikajibiwa kwamba mpokeaji hachagui.

Basi tulisemee hilo neno mlilolibandika. Sadaka tumeipata kwenye Kiarabu, sadaqa, na mzizi wake unahusu ukweli. Kusadiki kumetoka humo humo, na ndiyo sababu Abubakari, sahaba wa Mtume, akaitwa as-Siddiq, yaani msadikishaji. Kiebrania kina ndugu yake, tsedaka, lenye mzizi mmoja na neno la haki: kwa Wayahudi anayempa maskini anatimiza haki, hamfanyii hisani. Musa bin Maimuni, mwanazuoni wao wa karne ya 12, alipanga ngazi 8 za kutoa. Ya juu kabisa ni kumpa mtu kazi, mkopo au ushirika ili asimame mwenyewe. Inayofuata ni kutoa bila mtoaji na mpokeaji kujuana.

Kurani, 2:264, inawakataza waumini kuzibatilisha sadaka zao kwa masimango na maudhi. Wakristo mnayo Matayo 6: utoapo sadaka usipige panda mbele yako. Mnaisoma kila mwaka, Kwaresima inapoanza!

Nadhani tumeharibikia kanisani. Biblia yetu ya Kiswahili imetumia neno hilo hilo kwa msaada wa maskini na kwa sadaka ya kuteketezwa madhabahuni, na siku ya Bwana sadaka ni ile ya kupita mbele, watu wakiangalia, unatumbukiza kwenye kikapu. Tumezoea kwamba sadaka ni kitu cha kuonekana.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji, maelfu yetu tulikimbilia Sake. Watu wa Sake walitupokea majumbani mwao. Walitupa mikeka, sombe (kisamvu), maji ya kuogesha watoto. Hakuna aliyetuambia tucheke. Vita vilipowafikia mwanzoni mwa 2024, ni wao waliokuja kwetu, na leo ni wao tunaowapanga mstari mbele ya simu.

Msiniambie habari ya wafadhili wa ng'ambo wanaodai ushahidi. Pigeni picha ya magunia yakishushwa. Pigeni picha ya risiti. Wekeni orodha yenye alama za vidole, mkuu wa avenue aweke sahihi yake, mfadhili atumiwe hiyo. Uso wa mama yule hauthibitishi kilo hata moja. Na kama mfadhili anataka machozi ndipo atoe, mwambieni hapana, tutachangishana wenyewe hapa mtaani franka kwa franka.

Ile video bado iko juu. Wenye ukurasa ule mnausoma uzi huu, mmoja wenu ameshajibu huku. Iondoeni leo, kisha mwende kwa yule mama bila simu mkamwombe radhi, na mjukuu wake awepo asikie.