Kwa nini daladala inalala kituoni alafu barabarani inapaa?

mgeni_wa_gmboto: Wakuu nieleweshwe kiuchumi, siasa tuache. Asubuhi gari inakaa kituo cha Gongo la Mboto, hapa Dar, mpaka tunabanana, konda anaita "bado mmoja twende" huku mkono kauweka mlangoni anazuia wanafunzi, alafu ikitoka hapo inatanua na kufukuzana na mwenzie. Jioni ndo vituko, mmelipa hadi mwisho wa ruti wanawashusha njiani kituo cha Banana wanageuza. Hawa watu ni roho mbaya tu au?

Chuma_Chakavu: Roho mbaya iko wapi hapo. Gari ya tajiri, dereva na konda wanampelekea hesabu ya siku, yaani kiasi walichopangiwa, mafuta wanaweka wao, kinachobaki ndo chao. Hesabu ikishatimia kila kichwa ni hela ya mfukoni, ila injini ikichoka anayelia ni tajiri. Kituoni wanangoja kwa sababu mafuta ya tripu ni yale yale gari ijae isijae, njiani wanafukuzana kwa sababu abiria wa mbele ni wa atakayetangulia. Mwanafunzi nae, kwa nauli zilizotangazwa Desemba 2023, ni 200, mtu mzima 600 kwa ruti fupi, kwa hiyo saa moja asubuhi kila mwanafunzi ni 400 imepotea. Nenda saa tano gari ikiwa tupu uone, wanaitwa wenyewe, "dogo panda"

mtaa_wa_pili: Nairobi ni hivyo hivyo tu, target ya owner. Watafiti Habyarimana na Jack wa chuo cha Georgetown, Marekani, walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu, zinaambia abiria wapige kelele dereva akiendesha vibaya, na madai ya bima yakashuka kati ya nusu na theluthi mbili. Sasa dereva si angezibandua? Wakaweka bahati nasibu ya kila wiki, dereva akikutwa stika bado ziko anaweza shinda pesa. Hapo ndio niliwavulia kofia

tajiri_wa_gari_moja: Mnatusema sana matajiri. Mshahara nilijaribu, kila jioni naambiwa "bosi leo abiria hakuna", na mimi niko kazini nitajuaje? Nikafunga GPS, inanionyesha gari ilipo, haihesabu vichwa. Nikarudi kwenye hesabu. Kinachoniumiza zaidi ni deiwaka, dereva akichoka anamwachia gari mtu ambaye kesho hayupo, huyo ndo anapanda matuta kama hayaoni

mgeni_wa_gmboto: Duh. Kwa hiyo abiria wote wakilipa kwa kadi unaona kila senti, mshahara unawezekana?

tajiri_wa_gari_moja: Unawezekana, mashine ninunue mimi? Na konda atakataa siku ya kwanza tu, zile za kumalizana na trafiki njiani hazilipwi kwa kadi, mnanielewa.