Mrejesho: huku (ndoano) ya kuvutia trela kwenye gari la zamani

Wakuu, niliuliza humu kama naweza kufunga huku hiyo kwenye bampa la nyuma. Mlinikataza, mkasema nifunge kwenye chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari), na nawashukuru sana. Nilipoingia chini ya gari na kuigonga kwa nyundo, upande wa kulia wa chasisi ulitoa sauti butu, kutu ikadondoka vipande vipande. Fundi alikata sehemu ile, akachomelea chuma kipya, ndipo tukatoboa matundu ya bolti. Ndani ya chasisi tuliingiza vipande vya bomba ili bolti zikikazwa zisiibonyeze. Bolti ni za daraja la uimara 8.8, nati ni za kujifunga (zisizolegea kirahisi). Kichwa cha huku, yaani tufe linaloshika trela, ni kile cha milimita 50. Baada ya safari ya kwanza na trela nilizipitia tena kwa spana: bolti mbili zilikuwa zimelegea kidogo, nikazikaza.